Malalamiko: mmeniuzia dawa ya majaribio ya upara mkaniambia ni mimea

Kwa uongozi wa kampuni na dada wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Nawaandikia kuhusu ile seramu ya upara niliyonunua kwenu, chupa ndogo ya kahawia yenye dropa, sh 180,000 nikalipa kwa lipa namba, risiti na picha nimeambatanisha humu. Nimeshapiga simu na kutuma meseji, na kila ninayeongea nae ananipa jibu lake, kwahiyo nimeona niyaweke yote sehemu moja ili asitokee mtu akasema hakuelewa nalalamika nini.

Kabla sijalipa niliwauliza swali moja. Niliwaambia mimi natumia dawa za presha kila siku, je hii kitu haina shida kwa mtu wa presha? Meseji ninayo mpaka leo, mlijibu "ni mimea tu boss haina kemikali hata mtoto anapaka". Basi nikapaka kama mlivyoelekeza, asubuhi na usiku, utosini na kwenye zile pembe za paji la uso. Ngozi ikaanza kuwaka na kutoa magamba, hilo nilivumilia, ila baadae moyo ukawa unaenda mbio nikiwa nimekaa tu, nikiinuka kizunguzungu, na miguu inavimba mpaka soksi zinaacha alama. Nikaenda hospitali, daktari akaniuliza kuna kitu gani kipya unatumia, nikamtolea chupa yenu, na yeye ndo aliyegundua kwamba ile stika yenu yenye jani la kijani imebandikwa juu ya lebo nyingine. Akaibandua. Chini kumeandikwa kwa Kiingereza RU58841 na minoksidili, alafu mstari wa mwisho unasema ni kwa ajili ya utafiti wa maabara tu, isitumike kwa binadamu.

Huyo aliyebandika stika aliyaona hayo maneno, ndo maana akayafunika.

Minoksidili sina ugomvi nayo, watu wengi wanaitumia na inawasaidia. Lakini nyie mnaofanya biashara ya nywele mnajua kabisa historia yake, kwamba ilianza kama kidonge cha presha kali, Marekani waliipitisha mwaka 1979, wagonjwa wakaanza kuota nywele usoni na mikononi, ndo ikatengenezwa ya kupaka kichwani na ya 2% ikaruhusiwa mwaka 1988. Yaani ni dawa inayotanua mishipa ya damu. Ukipaka na ikapenya kwa wingi, hasa kwenye ngozi ambayo tayari imechubuka, inaweza kushusha presha, kuupeleka moyo mbio na kuvimbisha miguu, yaani hayohayo yaliyonipata mimi. Za famasi zimeandikwa wazi 2% au 5%, ya kwenu haina asilimia yoyote popote. Na hii ndo mlimuuzia mtu aliyewauliza kwa mdomo wake mwenyewe kuhusu presha!

Sasa hiyo RU58841. Nimeisoma sana tangu siku ile na wazo lake silipingi. Upara wetu sisi wanaume unatokana na kurithi, shina la nywele linakuwa halivumilii homoni inaitwa DHT ambayo mwili unaitengeneza kutokana na testosteroni, basi nywele inazidi kuwa nyembamba na fupi mpaka inabaki kama manyoya. RU ilitengenezwa ili upake juu ya ngozi iizuie homoni isishike kwenye shina. Ni kazi ya kampuni ya Roussel-Uclaf ya Ufaransa, walioichunguza waliipaka mpaka kwa nyani wanaopata upara kama wetu. Lakini hakuna nchi iliyowahi kuisajili iwe dawa, na miaka mingi imepita. Inazunguka kama poda ya maabara, anayeipima na kuichanganya hajulikani, usafi wake haujulikani, alafu inaishia kwenye chupa yenye jani la kijani Dar es Salaam.

Mlipobanwa mkabadilisha maneno, mkaniambia eti "ni teknolojia mpya ya majaribio, nyie ndo wa kwanza kufaidi". Hapo ndo mliponiumiza kuliko hata ile hela. Kwenye majaribio ya kweli mtu anaelezwa kila kitu kabla, anasaini kwa hiari, halipii dawa, anapimwa presha na damu, akitaka kutoka anatoka. Hapa kwetu jaribio la dawa lazima lipite NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa upande wa maadili, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, watoe kibali. Nyie kibali chenu kiko wapi? Nani alikuja kunipima? Mmetufanya wa majaribio bila kutuambia na gharama mkatutoza sisi.

Na majaribio yana sababu. Klaskoteroni nayo inaizuia homoni palepale kwenye ngozi, ya 1% ilipitishwa Marekani mwaka 2020 kwa chunusi, ila kwa ajili ya nywele ilibidi waanze upya na dawa ya 5% na kuifikisha kwenye majaribio makubwa, hawakusema tu chunusi imekubali basi twende kichwani. Kuna pirilutamidi, nayo ni ya kupaka ya kuzuia homoni, ya kampuni ya Kintor ya China, watu waliisubiri kwa hamu sana, mwaka 2023 majaribio ya hatua ya tatu huko China yakaonyesha haikuipita ile ya kulinganishia isiyo na dawa ndani kwa tofauti ya kutosha. Mngekuwa nyie mngekuwa mmeshaiuza na picha za kabla na baada. Hizo picha zenu mnazoposti moja imepigwa nywele zimeloa chini ya taa, nyingine zimekauka na zimechanwa mbele, na hata kama kuna nywele zimeota kweli, ndani ya chupa kuna minoksidili, mtajuaje kilichootesha ni kipi?

Alafu fidia yenu. Mkanitumia bure spreyi ya finasteridi, dawa nyingine ya upara inayopunguza hiyo DHT, na meseji "hii haina shida kabisa bro". Mke wangu ni mjamzito na nilishamwambia dada wa huduma kwamba nyumbani tunalala mto mmoja. Finasteridi mwanamke mjamzito hatakiwi hata kuigusa, inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni, na ya kupaka inahama kwa kugusana, kwenye mto, kwenye taulo. Aprili 2025 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walitoa tahadhari kuhusu hizi finasteridi za kupaka zinazochanganywa na famasi bila wao kuzipitisha, watu waliripoti sonona, wasiwasi, nguvu za kiume kupungua, na wengine walisema hawakuwahi kuambiwa kama kuna madhara. Chupa yenu haina onyo lolote. Sijaifungua, iko ndani ya mfuko ilivyokuja.

Nasema kwa uchungu kwa sababu nawajua wateja wenu. Ni vijana wa miaka ishirini na kitu wanaanza kuona utosi, wanaona aibu, wananunua kimya kimya, na mmoja akipata madhara hamwambii mtu. Wengine wana presha na hawajui maana hawajawahi kupima. Kwahiyo hili sio la kwangu peke yangu.

Ninachotaka ni hiki. Hela yangu yote irudi pamoja na gharama za hospitali, risiti zote ninazo. Mniandikie kilichomo kwenye ile chupa, kila kitu na asilimia yake, namba ya toleo na mlikoitoa, kwa sababu daktari anaihitaji. Mmtumie meseji kila aliyenunua, mumwambie kuna minoksidili na kuna kitu ambacho hakijasajiliwa, wenye presha na matatizo ya moyo waache na wakamuone daktari. Na tangazo la "mimea asilia" litoke leo, maana hata sasa hivi ninapoandika bado lipo hewani.

Chupa zote mbili, stika na meseji zenu nazipeleka TMDA, nyie mkijibu au msipojibu. Majibu naomba yaje kwa maandishi kwenye hii barua pepe, simu sitapokea tena.

Mteja wenu,
Dar es Salaam