Mzee akivunjika nyonga, moyo nao uangaliwe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wazee wanaoanguka ilieleza vizuri habari za mifupa, ila moyo haukutajwa hata mara moja. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa, naomba nafasi nijazie hapo.

Kuna ugonjwa uitwao takotsubo, ambao madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990. Mwili ukipata kishindo, iwe ajali, upasuaji au hata msiba, adrenalini, yaani homoni ya mshtuko, humwagika kwa wingi na msuli wa moyo hulegea ghafla. Wanaopatwa zaidi ni wanawake waliokwisha koma hedhi, yaani haohao tunaowapokea na nyonga zilizovunjika.

Nilimuuguza bibi mmoja wa namna hiyo. Usiku alianza kuhema, akakataa kulala chali. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ilisoma kama shambulio la moyo, na troponini, protini inayoonyesha msuli wa moyo umeumia, ilikuwa juu, lakini mishipa ya moyo ilipopigwa picha haikuwa imeziba. Kwenye ultrasaundi ncha ya chemba ya kushoto ilikuwa imetuna kama puto, haisogei, huku sehemu ya juu ikijikaza kwa nguvu zote.

Shida ni kwamba majeruhi mzee huenda asiseme kifua kinamuuma. Maumivu ya nyonga yamefunika mengine, au ameshachomwa mofini ya kutuliza maumivu. Kama anatumia beta-bloka, dawa zinazopunguza kasi ya moyo, kwa ajili ya presha, hata mapigo huenda yasipande. Presha ikishuka, sote tunawaza damu inavujia ndani, dripu zinafunguliwa. Mara nyingi tuko sahihi, na sisemi tuache. Lakini kwa moyo uliolegea maji hayo huishia mapafuni, na baadhi ya dawa za kuusukuma moyo, ambazo ni ndugu wa adrenalini, huweza kuuzidishia mzigo.

Ninachoomba ni ECG kabla mzee hajaingia chumba cha upasuaji, na ultrasaundi ya moyo mara pumzi au presha ibadilikapo bila sababu ya wazi. Maumivu nayo yatulizwe mapema. Hilo la “vumilia kidogo, bibi” linaniudhi, maana maumivu ni sehemu ya kishindo chenyewe.

Wengi moyo hurudi kufanya kazi baada ya wiki kadhaa. Hata hivyo, walioupata ugonjwa huu kwa kuumia huwa na hali mbaya kuliko waliopatwa na huzuni, kwa hiyo kadi ya kuruhusiwa isiandikwe tarehe ya kliniki ya mifupa peke yake.

Muuguzi, wodi ya mifupa