Mashine pepe ikihama, leseni ya Windows haihami nayo kila mara

Wateja wetu kadhaa hapa Malindi, hasa wenye hoteli ndogo na ofisi za uhasibu, wanaendelea kutegemea programu za zamani ambazo hazikubali kufanya kazi kwenye Windows mpya, na njia tunayowapendekezea ni kuiweka Windows ya zamani ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi kama faili ndani ya kompyuta nyingine. Mpangilio huo hufanya kazi vizuri kwa miaka, mpaka siku kompyuta mwenyeji, yaani ile halisi iliyobeba mashine pepe, inapokufa (na hewa ya chumvi ya pwani haina huruma na madabodi, yaani bodi kuu za kompyuta), faili zinahamishiwa kwenye kompyuta mpya, na Windows ya ndani inadai kuamilishwa upya, yaani leseni yake ithibitishwe tena.

Tangu Windows XP ilipotoka mwaka 2001, Windows huandaa muhtasari wa vifaa vya kompyuta iliyomo na kuuambatanisha na leseni. Kifaa chenye uzito mkubwa zaidi ni madabodi. Kuongeza kumbukumbu au kubadilisha diski peke yake kwa kawaida hakuleti shida. Ndani ya mashine pepe madabodi hayo hayashikiki, kwani ni maandishi tu katika faili ya mipangilio: namba ya utambulisho, anwani ya kadi ya mtandao, aina ya diski. Kwa hiyo anayebadilisha maandishi hayo, hata bila kujua, amebadilisha vifaa.

Mfano tunaoukuta mara kwa mara ni wa VMware, mojawapo ya programu za kuendesha mashine pepe. Unapofungua kwa mara ya kwanza mashine pepe iliyotoka kwenye kompyuta nyingine, programu inakuuliza kama umeihamisha au umeinakili. Mteja mwaminifu, kwa kuwa faili alizinakili kwenye diski ya nje, anajibu kwamba ameinakili, na hapo hapo VMware inaipa mashine namba mpya ya utambulisho na anwani mpya ya mtandao, na Windows inajiona imeamkia kwenye kompyuta ngeni. Kama ile ya zamani haitatumika tena, jibu sahihi ni kwamba umeihamisha. Kwenye VirtualBox, programu nyingine ya aina hiyo, nako, unapoingiza mashine iliyosafirishwa, angalia chaguo linalohusu anwani za kadi za mtandao kabla ya kubonyeza. Ama kutoka programu moja ya mashine pepe kwenda nyingine, vifaa vyote vya kuigiza hubadilika, na hakuna jibu la kuepuka hilo.

Suala la haki ya kutumia ni jingine kabisa, na hapa tunasema wazi ingawa wengi hawapendi kulisikia: leseni ya kawaida ya Windows inaruhusu nakala moja, iwe kwenye kompyuta halisi au kwenye mashine pepe. Ile iliyokuja na laptopu kutoka kiwandani, inayoitwa OEM, imefungwa kwenye laptopu hiyo na haigawanyiki kwa mashine iliyo ndani yake. Leseni iliyonunuliwa peke yake dukani inaweza kuhamishwa, ilimradi iondolewe kwanza ilikotoka. Windows Server Standard, yaani Windows ya kompyuta za seva, ikishapewa leseni kamili kwa seva, inaruhusu mashine pepe mbili za Windows Server, na kwa ofisi yenye watumiaji wengi mara nyingi hilo ndilo lenye hesabu nzuri.

Ili kujua leseni yako ni ya aina gani, fungua dirisha la amri ndani ya mashine pepe yenyewe, andika slmgr /dli, kisha tazama kama kijisanduku kinachotokea kinataja OEM, RETAIL (ya dukani) au VOLUME (ya mashirika, inayonunuliwa kwa wingi). Watumiaji wa Windows 10 na 11 waiunganishe leseni na akaunti yao ya Microsoft kabla ya kuhama, kwa sababu baada ya mabadiliko ya vifaa akaunti hiyo ndiyo inayomwezesha mwenye leseni inayohamishika kuirejesha kupitia kitatuzi cha uamilishaji katika mipangilio.

Tunapoletewa kazi ya kuhamisha, tunaomba mashine pepe izimwe kabisa, si kusimamishwa kwa muda, na kompyuta ya zamani isifutwe mpaka Windows iwe imekubali makao mapya. Leta pia risiti au kadi yenye ufunguo wa bidhaa, hata kama imefifia.