Waliowekewa vifaa vya moyo wafuatiliwe hapa hapa Mbeya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie majaribio ya vifaa vinavyopandikizwa kwenye moyo na mishipa ya damu. Dawa ikimdhuru mgonjwa, anaiacha. Kifaa kimeshakaa mwilini, hakiachwi kirahisi hivyo. Na madhara huchelewa: kuna stenti (kibomba kinachowekwa kupanua mshipa wa damu wa moyo) ya kuyeyuka mwilini iliyosifiwa sana, lakini ufuatiliaji wa miaka 3 ukaonyesha inagandisha damu kuliko zile za chuma. Mwaka 2017 ikaacha kuuzwa.

Sasa mgonjwa wa Makete au Tukuyu atafuatiliwa na nani miaka yote hiyo? Jirani yangu hapa Uyole ana betri ya moyo, kile kifaa cha kurekebisha mapigo. Kivimbe chake kinaonekana chini ya mtulinga, saizi ya kiberiti. Kadi ya kifaa ni Kiingereza kitupu, na kupimwa betri hupanda basi hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, mama wa watu na umri ule!

TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), ninyi ndio mnaotoa vibali vya majaribio. Wekeni sharti: kadi iwe na Kiswahili, na kliniki ya ufuatiliaji iwe tayari Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kabla mgonjwa wa kwanza wa huku hajawekewa kifaa.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya