Kabla hujawasha randa ya mtumba, angalia puli

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo niseme na mafundi seremala wenzangu, na hasa hawa wauzaji wa mashine za mtumba, maana mtu akienda kununua anauliza bei, anauliza kama mota inazunguka, pesa inatoka, mashine inapakiwa kwenye Kirikuu na safari imeisha. Visu vinazunguka raundi ngapi kwa dakika? Hakuna anayeuliza, na muuzaji ukimuuliza anakuangalia kama unamtania.

Nazungumzia randa ya meza, ile tunayonyooshea mbao kabla ya kuipeleka kwenye thiknesa, mashine ya kusawazisha unene. Nyingi za size ya karakana zetu shafti ya visu imetengenezwa izunguke kati ya raundi 4,000 na 6,000 hivi. Ikiwa chini sana mbao inatoka na mawimbi na nyuzi zinang'oka, hasa mninga wenye nyuzi za kupishana. Ikizidi sana ndo balaa, nitafika huko.

Hesabu yenyewe haihitaji shule kubwa. Soma raundi kwenye kibati cha mota, zidisha kwa kipenyo cha puli ya mota, yaani gurudumu linalokalia mkanda, halafu gawanya kwa kipenyo cha puli ya shafti ya visu. Mota ya raundi 2,850 yenye puli ya inchi 4, na shafti ina puli ya inchi 2 na nusu, unapata 4,560, hapo uko vizuri. Chukua puli zilezile uweke mota ya raundi 1,440, unapata 2,304 na hapo utapiga msasa mpaka mikono iote sugu. Pima pale mkanda unapokaa kwenye mfereji, sio ukingo wa nje wa puli, ukingo unadanganya kidogo. Na kama kibati kimefutika au mota imeshawaindiwa, yaani imesukwa waya upya, usiamini maneno ya mtu, maana fundi anaweza kuiwaindi upya kwa raundi nyingine kabisa na kibati kikabaki kilekile cha zamani. Kuna takometa, vipima raundi vidogo vya kumulika, unabandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye puli unasoma namba, mnaweza kuchanga mafundi wa mtaa mzima mkanunua moja.

Sasa hatari ilipo. Mashine imekuja na mota ya 1,440, kiwandani waliiwekea puli kubwa ya inchi 8 ili shafti yenye puli ya inchi 2 na nusu ipate raundi 4,600 hivi. Mota imeungua. Mtu anaenda sokoni anapata mota nyingine, nguvu ya farasi sawa, bei nzuri, kumbe hii ni ya 2,850, anaifunga na puli ileile ya inchi 8 anawasha. Shafti inaenda zaidi ya raundi 9,000! Kwa shafti ya kipenyo cha milimita 75, ncha ya kisu inatoka kwenye mwendo wa kama mita 18 kwa sekunde inafika karibu mita 36, na nguvu ya kutaka kurusha kisu nje haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kinachoshikilia kisu ni kabari na bolti ambazo zimeshafunguliwa na kufungwa miaka na miaka na watu usiowajua. Beringi nayo inalia, puli za kuchongesha mtaani ambazo hazijabalansi zinaanza kutikisa meza, na bado kuna jamaa anasimama pembeni anasifia kwamba mashine ina spidi.

Kingine ni mashine inatoka wapi. Umeme wa TANESCO ni hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, wa Marekani ni 60. Japani wao wamegawanyika, Tokyo 50, Osaka 60. Mota ya kawaida isiyo na kaboni inafuata hezi, kwahiyo iliyoandikwa 3,450 kule Marekani hapa inashuka mpaka kama 2,850, na shafti iliyopangiwa 5,500 inabaki na 4,500 na kitu. Hilo la spidi linavumilika, wala usikimbilie kubadilisha puli. Tatizo ni kwamba mota ya hezi 60 ukiipa volti zilezile kwenye hezi 50 inakula ampia nyingi inachemka, mwisho itaungua, na ndo hapo unaenda sokoni kutafuta mota nyingine bila kuangalia puli.

Alafu kuna hii tabia ya kila mbao ikitoka mbaya mtu anataka aongeze spidi. Jamani, visu vitatu kwa raundi 4,600 ni mikato 13,800 kwa dakika, ukisukuma mbao mita 6 kwa dakika kila mkato ni chini ya nusu milimita, jicho halioni kitu hapo. Ukiona mawimbi, uwezekano mkubwa kisu kimoja kimechomoza kuliko wenzake na ndo kinafanya kazi peke yake. Panga visu viwe sawa, noa, sukuma taratibu, punguza kina. Mtiki nao unakula makali haraka sana, wa Longuza au wa Kilombero wote, kwahiyo hapo ni kunoa mara kwa mara, puli iache ilivyo.

Na ukikutana na randa ya zamani yenye shafti ya pembe nne, achana nayo hata wakikupa kwa bei ya chuma chakavu. Uwazi kati ya shafti na meza ni mkubwa, kidole kikiteleza kinaingia chote, Waingereza kwenye kanuni zao za mashine za mbao za 1922 walishataka randa za kusukumia kwa mkono ziwe na shafti ya mviringo.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo, chukua rangi au maka peni, andika kwenye meza ya mashine raundi za mota, kipenyo cha puli zote mbili na raundi za visu. Na hivi vikundi vya vijana vinavyonunua mashine kwa mikopo ya halmashauri, anayekagua risiti akague na namba hizo kabla hajasaini.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam