Seleman usinunue hiyo gemu kwanza

Chikongola, Mtwara
Jumapili usiku

Seleman ndugu yangu, salaam aleikum. Huku wazima, mama anakusalimia, mabibo yameanza kudondoka, na yule kijana wa Bi Somoe mguu umepona anatembea mwenyewe. Salamu ziishie hapo maana nina haraka, ujumbe wako nimeusoma jioni hii kwamba kesho unapita Kariakoo kuchukua Gran Turismo 7, ile gemu ya magari ya PlayStation, kwa hela ya kibanda chetu cha gemu. Ngoja kwanza. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwa simu huwa hunipi nafasi nikamaliza.

Hiyo gemu nimeicheza wiki tatu sasa kwa Chande kule Shangani, kila nikishalaza Fuso. Na nakwambia kweli kabisa, sijaona gemu inayolijua gari namna ile. Wewe unajua ule mteremko wa kutoka Newala kushuka Masasi nikiwa na korosho, ukichelewa kushika breki mzigo unakusukuma, ukiishika katikati ya kona mkia unataka kutangulia mbele. Basi mle ndani ni hivyohivyo! Ukikanyaga breki pua inainama, uzito unakwenda tairi za mbele, ukiachia mafuta ghafla na usukani umeukata, nyuma inaondoka. Unaanza na vigari vya kawaida tu, Demio, Fit au Aqua, mimi nikachukua Demio kama ile ya Mwalimu Dadi, na hata hiyo Demio inakufundisha adabu. Halafu kuna ule mzunguko wa Ujerumani, Nürburgring ile ndefu, karibu kilomita 21 kuzunguka mara moja tu, kona juu ya kona, nilipomaliza mara ya kwanza padi ya kuchezea imelowa jasho mkononi. Na mvua ikikatika, pale magari yanapopita panakauka kwanza, pembeni bado utelezi. Mtu aliyetengeneza vile anaijua barabara.

Sasa kwa nini nakuzuia. Intaneti, Seleman. Hiyo gemu hata ukicheza peke yako na madereva wa kompyuta inataka mtandao karibu muda wote, bila mtandao vinabaki vipande vichache tu na ulichofanya hakihifadhiwi. Juzi nimekaza saa nzima, nimeshinda mashindano mawili, mtandao ukapotea, nikajikuta nayarudia yale mawili. Niliumia. Na sisi pale kibandani tunaishi kwa bando la simu yangu, tena umeme wenyewe unaujua.

Halafu wateja wetu. Mtoto ana mia tano, anataka akae, akimbize, agonge, acheke na mwenzake. Hii inamwambia akafanye mtihani wa leseni kwanza, gari litoke hapa lisimame ndani ya mstari pale, asipofaulu arudie. Mimi napenda sana zile leseni, zimeninyoosha kwenye kushika breki, lakini mtoto wa Ligula atadai mia tano yake. Na mashindano mengi unaanza mkiani, wa kwanza ameshafika mbali, kazi yako ni kuwafukuzia, hao wa kompyuta nao wanafuatana kama siafu, hakuna wa kukubania kona. Hapo ndipo gemu inaponiangusha, gari wamelipatia, dereva hawajampatia. Na krediti, ile hela ya ndani ya gemu! Yale magari makubwa ya zamani yanadai mamilioni, unarudia shindano lilelile mpaka uchoke, au utoe hela yako halisi.

Ila hayo yote ningevumilia, la intaneti ndilo silimezi. Ilipotoka mwaka 2022, wiki mbili tu baadaye wenye gemu waliizima zaidi ya saa 30 kurekebisha makosa, dunia nzima watu wana diski zao mkononi hawachezi. Na Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika nchi nzima ikahangaika, unakumbuka hata kutuma hela ilikuwa shida? Siku kama ile kibanda tungefunga, na kodi ya Mzee Nassoro haingoji nyaya.

Kwa hiyo kwa hela ya kibanda chukua ya mpira, na padi mbili maana zile zimekwisha. Gran Turismo nitainunua mwenyewe korosho zikilipwa, nimeshaamua, nitacheza usiku tukishafunga.

Nijibu kabla hujatoka asubuhi. Hela umeshatoa au bado iko kwenye simu? Yule jamaa wa dukani anakubali kubadilisha? Usukani wa kuchezea, ule wenye pedeli, umeuona huko, bei gani, hata uliotumika? Na basi la Jumatano unaweza kunitumia mzigo au nimwambie Chande akija Dar apitie kwako? Na mke wako amejifungua au bado, mbona hilo husemi?

Ni mimi, Hamisi