Kuhusu daraja letu la magari ya mbio kupewa hadhi ya taifa

Wadau, habari za jioni.

Nimesoma maoni yenu yote kuhusu pendekezo la kuomba daraja letu, yaani kundi letu la magari ya mbio, lipewe hadhi ya taifa. Kabla ya kura, naomba niseme ninavyoliona jambo hili.

Naunga mkono daraja letu la mkoa liingie kwenye ubingwa wa taifa, lakini kanuni za ufundi zikazwe kwanza. Hadhi ya taifa huvuta wenye fedha. Leo unashindana na mwenzako aliyefunga injini yake mwenyewe. Kesho utakutana na mtu anayelipa mafundi wamtafutie kila nguvu-farasi iliyojificha, na anayefunga tairi mpya kila mbio. Bila ukomo wa idadi ya tairi, kiwango cha chini cha uzito wa gari na injini kupigwa lakiri ili isifunguliwe kisiri, wenzetu wa bajeti ndogo wataondoka kimya kimya. Na ndio wanaojaza mstari wa kuanzia!

Tazameni Spec Miata ya Marekani, daraja la mbio la magari ya Mazda Miata yenye kanuni zinazoyafanya yalingane. Ilianzia mikoani, magari yakaongezeka, ndipo SCCA, chama cha mbio za magari cha huko, ikaipa hadhi ya taifa mwaka 2006. Washiriki walitangulia, cheo kikafuata. Kwetu, mikoa mingine bado inaleta magari machache mno, na hilo linanitia wasiwasi kuliko gharama za safari za kwenda mbio za taifa. Safari si lazima: asiyetaka ataendelea na mbio za mkoa kama kawaida.

Kura ni Ijumaa. Ninyi mnaoendesha magari ya zamani, tafadhali andikeni hapa sharti gani likikosekana mtajitoa. Nitaliingiza kwenye barua ya maombi kabla haijatumwa.