Vyuo vikuu vitufungulie mageti tupige picha

Mhariri,

Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 20 Septemba 2020, Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere liliteketea. Lilikuwa limesimama tangu 1941, likaona wakoloni wakiondoka na Amin akija na kukimbia, lakini moto wa usiku mmoja ukalibakiza kuta. Miezi saba baadaye, Aprili 2021, moto uliotoka mlimani ukaunguza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na sehemu kubwa ya hazina yake ya maandiko kuhusu Afrika. Makerere wamelijenga upya jengo lao na kulifungua mwaka 2024, na majirani zetu wanastahili pongezi. Mimi nawaza majengo yetu ambayo bado yapo.

Tuko kikundi kidogo cha watu tunaojikusanya Jumamosi, tukiwa na kamera na simu, kupiga picha kampasi za vyuo. Picha tunaziweka Wikimedia Commons, ghala la picha huria lililoanzishwa mwaka 2004, ambako mwalimu, mchapishaji wa vitabu au gazeti kama hili anaweza kuzichukua bure ilimradi afuate masharti ya leseni, hasa kumtaja aliyepiga. Halipwi mtu. Nauli kila mmoja anajitegemea, chai tunachangishana. Kinachotukwamisha si fedha, ni geti.

Kwenye chuo kimoja tulifika na barua ya utambulisho yenye mhuri. Mlinzi aliisoma yote, akapiga simu, akaambiwa mhusika hayupo mpaka Jumatatu. Mwenzetu aliyekuwa amekwishapiga picha ya kibao cha jiwe la msingi aliamriwa aifute, na mlinzi akasogea kuangalia kioo cha simu mpaka ahakikishe imefutika. Simlaumu, ndiyo kazi aliyopewa. Lakini siku ya mahafali geti hilohilo hupitisha kamera kwa mamia, na hakuna anayeuliza kibali. Picha za siku hiyo ni za joho na mashada ya maua, kama inavyopaswa kuwa, na jengo hubaki ukungu nyuma ya mhitimu.

Chukua Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukumbi wa Nkrumah hauna upungufu wa wapiga picha. Paa lake la zege lilifika mpaka nyuma ya noti ya shilingi 500. Sasa nenda kwenye majengo yanayouzunguka. Chuo kilipohamia kilimani mwaka 1964, majengo yaliyochorwa na kampuni ya Norman & Dawbarn ya Uingereza yalikuwa ya nchi ya joto: veranda ndefu, kuta zinazopitisha hewa, njia zilizoezekwa ili mwanafunzi atoke darasani mpaka maktaba bila kuloa. Kwenye majengo mengi ya zama zile, hapa na kwingineko, matundu ya kuta yanazibwa kwa vioo na alumini, na viyoyozi vinaning'inizwa nje. Sipingi watu kutafuta ubaridi. Ila mwanafunzi wa usanifu wa miaka 30 ijayo atajuaje kwamba jengo lile liliwahi kupoa lenyewe, kama hakuna aliyepiga picha ya ukuta ule kwa karibu?

Na ukuta peke yake hautoshi, anahitajika mtu wa kuueleza. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza mamia yao. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile leo ana takribani 80. Yuko mstaafu anayejua mwanahistoria Walter Rodney alikuwa akifundishia chumba gani, yuko mpishi wa zamani anayejua kantini ilikuwa wapi kabla haijahamishwa. Ndiyo maana nasisitiza kwa kila anayetaka kuandaa matembezi kama haya: usiende na vijana wenye kamera tu, nenda na mtu aliyesoma au kufanya kazi pale. Vijana wapige, yeye aeleze, mmoja aandike. Ngazi ya kawaida kabisa, ikiandikiwa ni ya jengo gani, inatazama upande gani, na nani walikuwa wakikaa pale jioni kubishana siasa, ina thamani kuliko picha mia za ukumbi uleule.

Kuhusu upigaji wenyewe, anzeni mapema. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi mwanga bado umelala na veranda zinaonekana mpaka ndani. Jua la saa sita hufanya paa kuwa jeupe na kivuli kuwa cheusi tii. Msitumiane picha kama kawaida kwa WhatsApp, maana zinabanwa na maandishi ya kibao hayasomeki tena. Hamisheni faili zenyewe. Sura za watu ziombwe kwanza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, mwanafunzi anayeanika nguo bwenini hajajitolea kuwa kumbukumbu ya taifa.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo ni dogo. Mteueni ofisa mmoja wa kupokea barua za namna hii na kuzijibu. Toeni kibali cha siku moja, kikitaja wazi pasipopigwa picha: maabara, vyumba vya mitihani, nyumba za watumishi. Nakala ikae getini tangu Ijumaa, ili mlinzi wa Jumamosi asilazimike kumtafuta bosi wake kwa simu. Mkitaka mtumishi wenu aongozane nasi, tutafurahi, maana huenda akajua mengi kuliko sisi.

Naviomba na vyuo vipya pia. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, na mtu anaweza kuona hakuna haraka. Mwaka 1964 hata Mlimani palinukia rangi mbichi, na picha za miaka ile ndizo tunazozihangaikia leo. Likizo ndefu, wakati mabweni ni matupu na mvua za vuli hazijaanza, ndiyo nafasi nzuri. Barua zetu tutazileta mapema, kwa mkono, masjala.

Mpiga picha wa kujitolea,
Sinza, Dar es Salaam